Leza na tishu bandia: namba moja ya kipima nguvu haitenganishi ufyonzaji na mtawanyo

#1 Mwale_Mnyoofu

Salaam kwenu wanajukwaa wote.

Siku hizi vijana wengi wa fizikia na wa uhandisi wa vifaa tiba wanachagua miradi ya mwisho inayohusu leza na tishu bandia. Jambo hilo linanipa faraja, kwa kuwa hapa mtu anaweza kufanya kazi ya maana hata akiwa na maabara yenye vifaa vichache. Hata hivyo, karibu ripoti zote ninazoletewa nizipitie zinafuata njia moja: aga (unga wa mwani unaoganda kama jeli) inachemshwa, emulsheni ya mafuta na wino mweusi vinaongezwa, leza inaelekezwa upande mmoja wa kipande kilichoganda, kipima nguvu ya mwanga kinawekwa upande wa pili, kisha mwandishi anatamka kwamba sampuli yake inafyonza asilimia kadhaa ya mwanga. Kipimo hicho hakimpi haki ya kutamka hivyo. Ninaomba tulijadili suala hili kwa kirefu, kwa sababu mwisho wa njia hii kuna mgonjwa anayepangiwa dozi ya mwanga.

Kwa wasiofahamu, tishu bandia ni kitu kinachotengenezwa ili mwanga upite ndani yake kama unavyopita katika ngozi, misuli au ubongo. Tunaihitaji kwa sababu tishu halisi haitulii: ikikatwa inapoteza damu na maji, himoglobini yake inabadilika, na kipande cha asubuhi si kilekile jioni. Kipande bandia kilichotengenezwa vizuri kinaweza kupimwa leo hapa na mwezi ujao kwingine, na tofauti ikionekana tunajua imetokana na chombo au na mpimaji.

Mwanga ukiingia ndani ya tishu, mambo mawili makubwa huipata kila fotoni, yaani kila chembe ya mwanga. Inaweza kufyonzwa, na mara nyingi nguvu yake ikageuka joto. Au inaweza kutawanywa, yaani kugeuzwa mwelekeo bila kupotea. Chai ya rangi huzuia mwanga kwa kuufyonza, ilhali tui la nazi huuzuia kwa kuutawanya, kwa kuwa ni matone madogo ya mafuta ndani ya maji. Kipima nguvu kilichowekwa nyuma ya glasi hakiwezi kujua ni kipi kati ya hivyo viwili kilichomo.

Sasa tuangalie namba. Katika eneo la mawimbi kati ya nanomita 650 na 950, ambako damu na maji havifyonzi sana, kiwango cha ufyonzaji cha tishu laini huwa takribani 0.01 kwa milimita, yaani tukio moja katika kila milimita 100, wakati mwingine mara kadhaa ya hapo. Mtawanyo ni mkubwa kupita kiasi hicho: fotoni hugongana na vitawanyaji kama mara 10 katika kila milimita moja. Kinachosaidia ni kwamba migongano mingi huipinda njia yake kidogo tu, ikaendelea mbele, na ukishauhesabu upendeleo huo wa kwenda mbele kinabaki kile tunachokiita mtawanyo uliopunguzwa, ambao ni kama 1 kwa milimita.

Maana yake ni nini kwa anayepima? Mwale ukipita milimita moja tu ya kitu chenye migongano 10, sehemu isiyoguswa kabisa ni kama 45 kati ya milioni moja. Kwa hiyo mwanga unaofika kwenye kipima nguvu nyuma ya kipande cha sentimita moja ni mwanga uliokwisha kutawanywa, unaotoka kila upande. Kiasi kinachosomwa kinategemea upana wa tundu la kipima nguvu na umbali wake kutoka kwenye sampuli. Kisogeze sentimita mbili nyuma, namba itashuka, na mwanafunzi ataandika kwamba ufyonzaji umeongezeka ilhali sampuli haijaguswa.

Kuna tatizo la ndani zaidi, na hili ndilo lililonifanya nifungue uzi. Chukua sampuli mbili. Ya kwanza ina ufyonzaji wa 0.01 kwa milimita na mtawanyo uliopunguzwa wa 1.0. Ya pili ina ufyonzaji wa 0.02, yaani maradufu, na mtawanyo wa 0.485. Kwa nadharia ya msambao wa mwanga, kasi ya mwanga kufifia kadiri unavyokwenda ndani hupatikana kwa kujumlisha ufyonzaji na mtawanyo uliopunguzwa, kuzidisha jumla hiyo kwa ufyonzaji, kuzidisha tena kwa 3, kisha kutafuta kipeuo cha pili. Fanyeni hesabu wenyewe: sampuli zote mbili zinatoa 0.174 kwa milimita. Mwanga unafifia kwa kasi ileile, na katika zote mbili unapungua hadi takribani theluthi moja kila unapokwenda milimita 5.7. Lakini kwa kiasi kilekile cha mwanga mahali fulani, sampuli ya pili inazalisha joto maradufu. Anayepanga dozi ya leza kwa kuangalia kufifia peke yake hajui kama ataichoma tishu au ataiacha bila kuifikia.

Ninakaribisha maswali, na hasa kutoka kwa wale wasio na vifaa vya gharama.

#2 FundiVifaaTiba

Shukrani, Mwalimu, kwa uzi huu. Mimi ni fundi wa vifaa tiba katika hospitali ya wilaya. Nina leza ya heli na neoni iliyotoka katika maabara ya shule iliyofungwa, fotodayodi za silikoni (vipande vinavyogeuza mwanga kuwa mkondo wa umeme) na mita nzuri ya umeme. Nimesoma kwamba watu hutumia tufe la kukusanyia mwanga, nikaangalia bei yake, nikafunga ukurasa. Je, kwa mtu kama mimi ipo njia ya kutenganisha hivyo viwili?

#3 Mwale_Mnyoofu

Ipo, Ndugu FundiVifaaTiba, na leza yako ya nanomita 632.8 inafaa sana. Urefu wake wa wimbi hautegemei joto la chumba kama ule wa leza ya dayodi, ambao huhama kwa sehemu ya nanomita kwa kila nyuzi moja ya joto. Iwashe nusu saa kabla ya kuanza ili nguvu yake itulie, na ukiweza chepusha sehemu ndogo ya mwale kwa kipande cha kioo uipeleke kwenye fotodayodi ya pili, ili kila usomaji ugawanywe kwa nguvu ya leza ya wakati huohuo. Umeme wetu unapopanda na kushuka, hatua hiyo peke yake itakuokolea siku nzima ya kazi.

Anza na sampuli ya majimaji kabla ya kugandisha chochote. Chukua chombo chenye upana, urefu na kina cha sentimita 20 hivi, ambacho kitaingiza lita 8. Tumia emulsheni ya mafuta ya soya ile inayotolewa kwa wagonjwa kupitia mshipa, ya asilimia 20, ambayo jina lake la kibiashara ni Intralipid. Mililita 400 ndani ya maji hadi kufikia lita 8 zitakupa asilimia 1 ya mafuta, na mtawanyo uliopunguzwa utakuwa kidogo zaidi ya 1 kwa milimita kwa mwanga wako mwekundu, yaani uleule wa tishu. Chupa zilizokwisha muda zinaweza kukufaa kwa mazoezi, mradi mafuta hayajajitenga.

Ingiza faiba mbili, yaani nyuzi nyembamba za kupitishia mwanga, katikati ya chombo, moja ikileta mwanga wa leza na nyingine ikiupeleka kwenye fotodayodi, ncha zake zikiwa katika kina kimoja. Soma mkondo wa umeme zikiwa zimeachana milimita 10, kisha 12, 14, na kuendelea hadi 30. Kila mara funga leza usome mkondo wa gizani, uutoe. Zidisha kila usomaji kwa umbali wake, tafuta logi asilia ya jibu, chora dhidi ya umbali. Ukipata mstari mnyoofu, mteremko wake ndio ile kasi ya kufifia niliyoitaja.

Sasa hatua inayotenganisha. Ongeza kiasi kidogo cha wino ulichokipima kwa mizani, koroga, rudia. Ongeza tena, rudia. Kipeo cha pili cha kila mteremko kigawanye kwa 3, ukichore dhidi ya ufyonzaji ulioongezwa na wino. Maadamu ufyonzaji ni mdogo sana kuliko mtawanyo, nukta zitalala kwenye mstari mnyoofu, na mteremko wa mstari huo ni mtawanyo uliopunguzwa. Pale mstari unapokata mhimili kabla ya kuongeza wino, ukigawanya kwa mteremko unapata ufyonzaji wa msingi. Umepata namba mbili kwa ndoo, faiba na fotodayodi.

Usianze na emulsheni isiyo na wino wowote. Maji hufyonza mwanga mwekundu kidogo mno, kwa hiyo mwanga utasafiri hadi kwenye kuta za chombo na kurudi, na mstari wako utapinda. Tia wino wa kutosha kwanza kufikia karibu 0.005 kwa milimita ndipo uanze kuhesabu nyongeza. Pia usishangae kuona mwanga unapungua sana kutoka milimita 10 hadi 30: kwa sampuli ya kwanza niliyoitaja juu, usomaji unapaswa kushuka karibu mara 100. Hakikisha fotodayodi na kikuza mkondo chake vinabaki na uwiano sahihi katika upana huo wote, kwa kuweka vichujio vya kufifisha vinavyojulikana na kuona kama namba zinashuka inavyopaswa.

Leza yenye zaidi ya miliwati 5 iko katika daraja la 3B. Usiielekeze kwenye kioo wala kwenye kitu chochote kinachong'aa usawa wa macho, na mlango wa chumba uwe na tangazo.

#4 Mkemia_wa_Bahari

Ninaheshimu hoja yako, lakini naona unawaongezea vijana mzigo. Emulsheni hiyo ni dawa inayotengenezwa kwa viwango vikali, na watafiti wameshachapisha thamani zake kwa kila urefu wa wimbi. Kwa nini mwanafunzi asichukue kanuni iliyochapishwa, apime kwa mizani, na kuandika kwamba sampuli yake ina thamani hizo? Sayansi yote hujengwa juu ya kazi za waliotangulia.

#5 Mwale_Mnyoofu

Kwa upande wa emulsheni, uko sahihi kwa sehemu kubwa, na ninafurahi umelisema. Kundi la van Staveren huko Uholanzi lilichapisha mwaka 1991 kanuni za mtawanyo wa Intralipid ya asilimia 10 ambazo hadi leo zinatumika, na vipimo vilivyofanywa baadaye Florence, Italia, kwa chupa za matoleo tofauti vilionyesha kwamba mtawanyo hutofautiana kwa asilimia chache tu. Kwa bidhaa ambayo haikutengenezwa kwa ajili yetu, huo ni uthabiti wa kupendeza.

Wino ni habari nyingine. Chembe zake ni za kaboni, na kila mtengenezaji anasaga kivyake, kwa hiyo wino wa duka moja unaweza kuwa na nguvu mara kadhaa ya wino wa duka lingine. Mtu akiupima kwenye spektrofotomita anapata jumla ya mwanga uliopotea katika njia iliyonyooka, nao umepotea kwa kufyonzwa na pia kwa kutawanywa na chembe zilezile. Sehemu ya mtawanyo mara nyingi huzidi asilimia 10 ya jumla. Anayeihesabu yote kuwa ufyonzaji amekwisha kuharibu namba yake kabla leza haijawashwa. Chupa ikikaa wiki kadhaa chembe hutua chini, hivyo wino wa juu si wa chini. Itikise vizuri, na ikiwezekana iweke kwenye chombo cha mawimbi ya sauti yasiyosikika.

Aidha, kanuni zilizochapishwa zinahusu majimaji. Ukishagandisha kwa aga umeongeza mtawanyo wa aga yenyewe, na kuna viputo vya hewa. Na kama uliimimina emulsheni wakati aga ingali inakaribia kuchemka, matone ya mafuta huenda yamekwisha kuungana. Iache ipoe hadi karibu nyuzi 50 ndipo uchanganye, maana itaanza kuganda ikishuka kuelekea 40. Kazi za waliotangulia ni msingi wetu, nami ninazitumia kila siku kujua jibu langu linapaswa kuangukia wapi. Thamani inayoandikwa kwenye ripoti, hata hivyo, iwe ya kipande kilichopo mezani.

#6 Muuguzi_wa_Zamu

Samahani wataalamu, mimi si mwanafizikia, ila nimeusoma uzi wote kwa makini. Wakati wa korona tulitegemea sana vile vipimo vya oksijeni vya kubana kidoleni, na baadaye tukasikia kwamba havisomi sawasawa kwa watu weusi. Je, jambo hilo linahusiana na hizi tishu bandia?

#7 Mwale_Mnyoofu

Linahusiana moja kwa moja, Dada, na kwangu mimi ndilo swali lenye uzito kuliko yote katika uzi huu.

Desemba 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walichapisha ulinganisho wa vipimo vya kidoleni na vipimo vya damu ya ateri. Walichukua nafasi ambazo kifaa kilionyesha asilimia 92 hadi 96, wakaangalia ni mara ngapi oksijeni halisi katika damu ilikuwa chini ya asilimia 88. Kwa wagonjwa weusi ilitokea mara 11.7 katika kila 100, na kwa wazungu mara 3.6. Mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo ilitoa tahadhari Februari 2021. Hapa kwetu, ambako karibu kila anayevalishwa kifaa hicho ana ngozi nyeusi, namba hizo zinagusa kila wodi.

Kifaa hicho hutumia taa ndogo za dayodi zisizo za leza, moja karibu na nanomita 660 na nyingine karibu na 940, lakini fizikia ya tishu ni ileile. Kinagawanya sehemu ya mwanga inayopigapiga pamoja na moyo kwa sehemu isiyobadilika, na kwa nadharia rangi ya ngozi inapaswa kujifuta katika mgawanyo huo, kwa kuwa melanini, yaani rangi asilia ya ngozi, haipigipigi. Katika hali halisi mwanga wa taa hizo una upana wa makumi ya nanomita, na melanini hula zaidi upande wa mawimbi mafupi, hivyo mwanga unaofika kwenye damu umesogea kidogo kutoka ule uliokusudiwa. Tena ishara inakuwa dhaifu na kelele za umeme zinaanza kuonekana. Hayo ni baadhi ya maelezo yanayotolewa, na kila moja linaweza kujaribiwa kwenye kidole bandia bila kumnyima mtu yeyote oksijeni.

Tatizo ni kwamba tishu bandia nyingi zinazouzwa ni kipande kimoja cha rangi moja, hazina ngozi ya juu. Melanini hukaa katika tabaka jembamba la nje, ambalo sehemu nyingi za mwili lina unene wa kati ya milimita 0.05 na 0.1, ikiwa imejikusanya humo. Kusambaza wino uleule ndani ya kipande chote ili kiwe cheusi ni kutengeneza mwili ambao haupo. Tabaka la juu litengenezwe peke yake, lipimwe peke yake, ndipo lilazwe juu ya tabaka la chini lenye mtawanyo na kitu kinachowakilisha damu.

Na wino hauwezi kusimama mahali pa melanini ukitumia mawimbi zaidi ya moja. Kwa makadirio yanayotumika sana, ufyonzaji wa melanini hushuka kwa kipeo cha 3.33 cha urefu wa wimbi, kwa hiyo katika nanomita 660 unakuwa kama mara 3.2 ya ule wa 940. Wino wa kaboni hushuka polepole zaidi, kama mara 1.4 tu kati ya mawimbi hayohayo. Kidole bandia kilichopakwa wino kitaonekana cheusi machoni, kisha kikadanganya kifaa kwa namna ambayo ngozi nyeusi haifanyi. Ipo melanini ya kutengenezwa inayouzwa na makampuni ya kemikali, na ndiyo ninayoipendekeza, ingawa haiyeyuki kirahisi ndani ya silikoni, ule mpira unaotumika kutengenezea tishu bandia za kudumu.

Mfano wa pili utaugusa mji wowote wenye kliniki za urembo. Leza za kuondoa nywele na makovu huchaguliwa kwa kanuni iliyoelezwa na Anderson na Parrish mwaka 1983: chagua urefu wa wimbi unaofyonzwa na shabaha, na mpigo mfupi kuliko muda ambao shabaha inahitaji kupoa. Kwa ngozi nyeusi, melanini ya juu inakuwa shabaha isiyokusudiwa. Leza ya aleksandraiti ya nanomita 755 hufyonzwa na melanini kama mara tatu ya leza ya 1064, ndiyo maana ya pili huhesabiwa salama zaidi kwetu. Kabla mteja hajalala kitandani, mashine ingepaswa kupimwa kwenye kipande cha tabaka mbili chenye melanini ya kiasi kinachofanana na ngozi za wateja wa mji huo, kukiwa na kipima joto chini ya tabaka la juu. Inaumiza kuona watu wakiungua usoni kwa sababu ya kipimo ambacho kingefanyika kwenye kipande cha silikoni.

#8 Binti_wa_Paje

Nimefurahi kuona aga inatajwa. Mama zetu huku Unguja wanalima mwani kwa miaka mingi, na bei wanayolipwa ni ndogo. Je, maabara hazingeweza kuununua kwa kazi hii?

#9 Mwale_Mnyoofu

Mwani unaolimwa Unguja na Pemba, spinosum na cottonii, hutoa karajini, na aga hutoka kwenye jamii nyingine za mwani. Karajini nayo, hasa ile ya cottonii, inaganda vizuri ikiongezewa chumvi ya potasiamu, na imewahi kutumika kutengenezea tishu bandia. Wingi wa maabara hautoshi kuinua bei ya mwani, nisikudanganye, ila mwanafunzi wa Zanzibar atakayepima mtawanyo wa karajini ya kwao katika viwango tofauti vya joto atakuwa amefanya kazi ambayo wengi wetu tutaisoma.

#10 Mzee_wa_Maabara

Nimefuatilia mjadala, na ninaongeza machache kuhusu tufe la kukusanyia mwanga, maana kuna wachache humu ambao vyuo vyao vinalo na wanalitumia vibaya.

Tufe hilo, ambalo wengi wanaliita kwa jina la Mjerumani Ulbricht, limepakwa ndani kitu cheupe kinachorudisha karibu mwanga wote, kwa kawaida salfeti ya bariamu. Sampuli nyembamba ikiwekwa kwenye tundu lake, unaweza kukusanya mwanga wote uliopenya, na kwa upande wa pili mwanga wote uliorudi, bila kujali umeelekea wapi. Hapo unapata namba mbili za kutafutia vitu viwili visivyojulikana, na programu ya Scott Prahl iliyotokana na kazi ya mwaka 1993 inarudi nyuma kutoka kwenye namba hizo hadi kwenye ufyonzaji na mtawanyo. Inapatikana bure.

Kosa ninaloliona mara kwa mara ni la pembeni. Mwanga ndani ya sampuli husambaa kwa upande, na ule unaotokea kwenye kingo hauingii ndani ya tufe. Programu haiujui, inauhesabu kuwa umefyonzwa. Kwa vitu vyenye ufyonzaji mdogo kama silikoni nyeupe, kosa hilo linaweza kuwa kubwa kuliko thamani yenyewe. Tundu liwe pana, mwale uwe mwembamba, sampuli iwe nyembamba na ivuke kingo za tundu. Na kama sampuli imebanwa kati ya vioo viwili, iambieni programu hivyo, kwa maana kila uso wa kioo unaopakana na hewa hurudisha asilimia 4 hivi.

Asiye na uhakika na apime kinyume: achukue thamani alizozipata, aziingize kwenye uigaji wa Monte Carlo, kwa mfano ule wa Wang, Jacques na Zheng wa mwaka 1995, ambao hufuatilia fotoni moja moja kupitia tabaka. Ukitabiri usomaji mwingine ambao hakuutumia, kama vile mwanga unaorudi kwa umbali wa milimita 5 kutoka mwale unapoingia, na utabiri ukalingana na kipimo, basi ana haki ya kuziamini namba zake.

#11 Mwale_Mnyoofu

Shikamoo Mzee wangu, na asante sana. Hilo la kutabiri usomaji ambao haukutumika ningelifanya sharti la kila ripoti.

#12 FundiVifaaTiba

Nimeelewa njia ya ndoo na nitaianza. Swali la mwisho: majimaji yanaharibika na aga inakauka haraka kwa joto letu. Ninataka kipande cha kudumu cha kukagulia mashine ya leza ya idara ya tiba ya viungo kila mwezi. Nitumie nini, na niandike nini juu yake?

#13 Mwale_Mnyoofu

Kwa kazi hiyo tumia silikoni ngumu ya sehemu mbili, ile inayoganda ikichanganywa na kigandisho chake. Upindaji wake wa mwanga ni 1.41, karibu sana na wa tishu, ambao hukadiriwa kuwa 1.4. Kwa mtawanyo tia unga wa titani dioksaidi, na kwa ufyonzaji tia kaboni laini kidogo sana. Unga huo hupenda kushikana mabonge, kwa hiyo uchanganye kwanza na sehemu ndogo ya silikoni, uusage ndani yake hadi usione punje, ndipo uongeze iliyobaki. Viputo viondoe kwa pampu ya ombwe kabla ya kumimina. Unga ni mzito na hutua chini wakati silikoni ingali laini, hivyo geuza kalibu mara kwa mara hadi ianze kushika, au tumia joto la wastani ili igande upesi. Ikishaganda, pima upande wa juu na wa chini: kama mwanga unaorudi kutoka pande hizo mbili unatofautiana, kipande hicho kivunje utengeneze kingine.

Kipande kigumu huwezi kukiongezea wino, kwa hiyo kipime kwa njia ya umbali, kwa kusoma mwanga unaorudi juu ya uso wake kuanzia karibu na mwale hadi milimita 20 hivi, ukilinganisha na majimaji yako ya ndoo ambayo namba zake mbili tayari unazijua. Farrell, Patterson na Wilson waliandika mwaka 1992 kanuni ya mwanga huo unaorudi, nayo inaingia kwenye lahajedwali la kawaida. Mimina vipande vitatu kutoka mchanganyiko mmoja: kimoja cha kazi, kimoja kibaki gizani kabatini kwa ulinganisho, na cha tatu mpelekee mtu wa maabara nyingine akipime bila kumwambia ulichopata.

Juu ya kipande andika urefu wa wimbi uliotumika, ufyonzaji na mtawanyo uliopunguzwa kila kimoja na kiasi chake cha mashaka, joto la chumba, njia ya upimaji, na tarehe. Mashine yenu ya tiba ya viungo ikiwa ni ya nanomita 808, namba za 632.8 hazitaifaa, utahitaji dayodi ya 808 na kurudia upimaji wote, na hapo mwanga hauonekani vizuri kwa macho, kwa hiyo miwani ya kinga ya urefu huo wa wimbi ivaliwe kabla ya kuwasha.